Pole Niliyoiacha Mlangoni

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, kwa sababu ukumbi mzima ulinicheka. Nilikuwa kijana wa Kikwe, mikono migumu kwa jembe, na hilo ndilo lilikuwa pambano langu la kwanza la ngumi za ridhaa hapa Arusha mjini. Nilipangiwa kijana mrefu kutoka Kisongo. Raundi ya kwanza haijafika mbali nikampata kwa konde safi la pua, machozi yakamlengalenga. Na mimi niliyelelewa kwamba mtu akijikwaa unampa pole hata kama jiwe si lako, nikashusha mikono nikamwambia, "Pole!"

Ukimpa mtu pole, yeye hukujibu asante, na asante ya adabu huja kwa mkono wa kulia. Yule kijana alinijibu kwa mkono wa kulia kweli. Nilipopata fahamu nimekaa chini, mwamuzi ananihesabia, na watu wanashikana mabega kwa kicheko. Tangu siku hiyo vijana wa sokoni hawakuniita tena jina langu. "Mambo vipi, Pole?" ndiyo ikawa salamu yangu mjini.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Lazaro, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye meno yake mawili ya mbele yalibaki ulingoni enzi zake. Alitufundisha kwenye ghala kuukuu lililokuwa la kahawa. Sakafuni alitandika turubai, na alilitunza kama kitanda chake, kwa hiyo viatu vilivuliwa mlangoni. Kesho yake aliniita pembeni. Nilitegemea matusi, lakini akasema kwa upole kabisa.

"Pole yako ni nzuri, usiitupe. Ila ndani ya kamba haina kazi. Itakuumiza wewe, na mwenzako hatajifunza kujikinga. Ivue mlangoni pamoja na viatu. Ukitoka, uvae vyote viwili."

Sikio la ujana, mwanangu, husikia linachotaka. Mimi nilisikia kuvua. Habari ya kuvaa haikuingia.

Nilikuwa na rafiki pale ghalani, Rajabu, mtoto wa fundi cherehani wa Ngarenaro. Mimi nilipigana kama nalima, nasonga mbele kichwa kichwa, natupa mikono mizito. Yeye alikuwa na ngumi za kusomea. Mikono imekinga mashavu, viwiko vimebana mbavu, mguu wa mbele mwepesi. Anatupa ya kushoto, ukitaka kurudisha unakuta ameshahama. Ni yeye aliyenifundisha kutofumba macho ngumi inapokuja. Alfajiri za Julai, na baridi ile inayoshuka kutoka Mlima Meru, tulikimbia naye kuelekea Olmotonyi mpaka pumzi zinatoka moshi. Tukirudi tunapitia kwao, na mama yake anatumiminia chai ya tangawizi na vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu wa Kikwe. Kula, mlima hamjaupanda kwa maneno."

Aliniita hivyo siku zote, na mimi nilikula kwake bila haya, kama kwetu.

Ikafika wiki ya kuchaguliwa timu ya mkoa. Kila mtu alijua Rajabu atachukuliwa kwenye uzito wake, na yeye mwenyewe alikuwa ameshamwahidi baba yake kwamba akishavaa fulana ya mkoa atatulia, akae kwenye cherehani. Mzee Lazaro akatuweka sisi wawili ulingoni. "Leo ni kugusana tu," akasema. "Nguvu ziacheni hapo nje."

Madirishani kulikuwa na wale vijana wa sokoni. Nikagusa, wakapiga kelele, "Pole, Pole! Mpe pole mwenzio!" Nikagusa tena, wakazidi. Rajabu naye alikuwa mtu wa utani, akacheka, akashusha mkono wa kushoto kunionyesha kwamba niwapuuze. Damu ilinipanda kichwani. Niliona nafasi aliyoifungua kwa kuniamini, na nikatupa ya kulia kwa nguvu zangu zote. Ilimpata jichoni.

Alianguka chini ameshika uso. Wenzetu wakamkimbilia, mwingine na maji, mwingine na taulo. Mimi nilisimama palepale. Lile neno lilinifika kooni, mwanangu, nalikumbuka lilivyonifika, lakini dirishani walikuwa wananitazama mimi. Nikalimeza.

Mzee Lazaro aliinua kichwa. "Viatu vyako viko wapi?"

"Viko mlangoni, mzee."

"Basi nenda kavae."

Nikaenda, nikavaa viatu, nikashika njia ya nyumbani. Nilivaa viatu tu.

Unajua sisi tulivyo. Mtu akipatwa na jambo, nyumba yake hujaa. Majirani wa Ngarenaro walikwenda kumpa pole Rajabu, vijana wa ghalani walikwenda, Mzee Lazaro alikwenda na kilo yake ya sukari. Hata wale wa dirishani walikwenda! Nikasema nitaenda kesho. Kesho nikasema ngoja kwanza bandeji itoke. Bandeji ikatoka, jicho likabaki na ukungu, timu ya mkoa ikaondoka bila yeye, nikasema sasa nitaanzia wapi? Wahenga wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Pole ni kama maziwa, hunywewa siku yake. Mama yangu, ambaye hakujua nani alipiga ile ngumi, alinifungia mkungu wa ndizi nimpelekee rafiki yangu. Niliupeleka kwa shangazi, nikarudi nikasema wamenishukuru sana.

Siku moja nilipita Ngarenaro nikamwona mama Rajabu anaanika nguo. Nikakata kushoto, nikapita uchochoroni, na najua aliniona. Mtu aliyekula vitumbua vyangu angenifanyia hivyo ningemlaani, lakini yeye hakunilaani, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Rajabu hakurudi ghalani. Baadaye tukasikia amekwenda Tanga kwa mjomba wake, anashona huko. Mimi nilipigana miaka kadhaa, nikashinda na kushindwa. Vijana waliacha kuniita Pole, nikaona nimekuwa mwanamume. Wazee hutuambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ni kweli, lakini wangu haukujikwaa. Ulilala.

Nilikuwa nimeshaota mvi nilipoletewa habari kwamba Rajabu amefariki Tanga, na msiba uko Ngarenaro kwa mama yake. Safari hii nilikwenda. Nilikaa mkekani na wanaume, nikaitikia salamu, nikatazama chini. Kisha nikaomba kuingia ndani nimwone mama. Alikuwa amekuwa mdogo sana ndani ya khanga yake. Nilipiga magoti nikamshika mkono.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Asante, baba. Ya msiba nimeipokea." Akanitazama vizuri mpaka akanijua. "Na ile ya jicho, utampa nani?"

Sauti yake haikuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Uzi wa sindano Rajabu alikuwa anatungiwa na mkewe," akasema. "Na kila akija kunisalimia ananiuliza, 'Yule wa Kikwe amepita?' Namwambia bado. Anasema, 'Atapita tu, mama. Yule si ndiye Pole mwenyewe?'"

Jina ambalo mji mzima ulinipa kwa kunicheka, yeye alilishika kwa kuniamini, na alikufa nalo. Nililia mbele ya wanawake, mzee mzima, na sikuona aibu. Mama Rajabu aliniacha nilie nimalize. Kisha akamwambia binti aliyekuwa karibu, "Mpe chai huyu, ametoka mbali." Nikainywa. Ilikuwa ya tangawizi, ileile.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu ameshakuwa mkubwa, naishi naye nyumba moja. Ndiyo maana kengele ya mwisho ikilia hapa ninapowafundisha alfajiri nasimama mlangoni, simwachii mtu viatu vyake mpaka mmeshikana mikono na kupeana pole, hata kama hakuna aliyeumia. Najua mnanicheka nikigeuka. Chekeni.

Ila nisikilize. Ndani ya kamba inua mikono yako, wala usiombe radhi kwa ngumi ya haki, maana mwenzako naye ameingia kwa hiari yake. Mkiwa mazoezini jua kwamba anayesimama mbele yako amekuazima mwili wake ujifunzie, si begi la mchanga lile. Akishusha mkono kwa kukuamini, ngumi yako nayo ishuke. Na ukimuumiza, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, nenda kwao siku hiyohiyo, jasho halijakukauka. Usitafute maneno mazuri. Neno ni moja, na mama yako alikufundisha kabla hujajua kutembea. Wanaokuchekea dirishani wataondoka, hawatakusaidia kulibeba.

Mungu akujalie mikono myepesi, na ulimi mwepesi kuliko mikono. Akulindie macho yako, na ya mwenzako ayalinde dhidi yako. Akupe rafiki wa kukuuliza kama umepita, na akupe miguu ya kupita naye angali hai. Haya, nenda, mwanangu, kumekucha. Na pale mlangoni uvae vyote viwili.