Trekta ya Isaiah, Buldoza la Onesmus

Onesmus alikuwa mtu wa ubishi, tena ubishi wa kugonga meza. Kazi yake ilikuwa kulinda yadi ya mashine kuukuu nje kidogo ya Dubai, na mwaka huo wa 2014 alikuwa ameshikwa na wazimu wa buldoza moja dogo, rangi imebabuka, injini bado nzima. Kaka yake mkubwa, Isaiah, mlinzi wa hoteli kule Muraqqabat, hakutaka hata kulisikia. Yeye alitaka trekta. Shamba lenyewe ni moja, waliloachiwa na baba yao huko kwao Lugari, Kakamega, limejaa visiki vya mikaratusi, na akiba yao wote wawili ilitosha mashine moja tu.

Ijumaa moja, arbab, yaani tajiri wa yadi, akiwa msikitini, Isaiah alikuja yadini kujionea.

"Hii takataka ni ya nini?" akauliza, akilipiga buldoza teke. "Kila mahali itabebwa na lori. Trekta inajiendesha, inalima, inavuta trela, hata majirani wataikodi."

"Na visiki? Itaving'oa na meno?"

"Nitavivuta na cheni. Mimi nimeendesha trekta ya miwa wewe ukichunga kuku!"

Basi hapo maneno yakaharibika. Onesmus akamwambia kwamba huyo huyo dereva hodari ndiye aliyeuza ng'ombe wa mama akaenda kuponda raha Nakuru. Isaiah alimtandika ngumi ya mdomo, akaongeza nyingine, Onesmus akatema damu mchangani. Naye si wa kupigwa akanyamaza. Alimkaba kaka yake koo, akamgongesha kichwa kwenye chuma mpaka paji likapasuka.

Aliyewatenganisha ni Yekoniya, Mganda aliyekuwa akiosha mashine pale. "Mna wazimu nyinyi? Polisi wakija, khalas, mnarudishwa kwenu!"

Wangemsikiliza, ningekuwa sina hadithi. Lakini hawa ni watu wa Kakamega, na kwao fahali hupiganishwa, na fahali akikimbia, mwenye fahali huyo hana tena la kusema.

"Tuzipiganishe," Isaiah akasema, damu ikimwingia jichoni.

Isaiah akapanda trekta moja kuukuu iliyokuwa pale yadini, wakaziweka mashine mgongo kwa mgongo. Yekoniya alikataa kushika cheni, kwa hiyo Onesmus akaifunga mwenyewe.

"Ifunge chini!" Isaiah akampigia kelele kutoka kitini. "Chini kabisa!"

Onesmus alisikia, lakini alikuwa anatokota kwa hasira, hakutaka kuinama mbele ya mtu aliyempasua mdomo. Akaifunga juu kwenye trekta, pale mkono ulipofika. Isaiah naye, kwa kiburi, hakushuka kuangalia.

Cheni ikakazika. Matairi ya trekta yakachimba mchanga, buldoza likatetemeka, halafu likaanza kutambaa. Onesmus akageuka kutazama, akaona magurudumu ya mbele ya trekta yakiinuka. Alifurahi, jamani! Akaongeza moto.

Trekta, ikivutwa na cheni ile ya juu, ikasimama wima, ikapinduka kinyumenyume.

Sauti aliyoitoa Isaiah haikuwa ya mtu. Kiti kilikuwa kimembwaga kando, ila mguu wa kushoto ulikuwa chini ya chuma, dizeli ikimtiririkia kifuani. Yekoniya alileta jeki, ikazama mchangani. Akaileta tena, ikazama tena.

"Iondoe kwa hilo buldoza lako!" Isaiah akalia. "Ondoa, nakufa!"

"Litakusaga, kaka!"

"Yalla, ondoa!"

Onesmus akafungua cheni, akaligeuza buldoza, akaingiza bamba la mbele chini ya trekta. Akainua. Mifupa ikalia, akaisikia juu ya mngurumo wa injini, na hakuacha kuinua mpaka Yekoniya alipomvuta Isaiah nje kwa makwapa.

Hospitalini, Isaiah aliwaambia polisi alikuwa peke yake, anajaribu trekta. Arbab hakudanganyika, alimfuta Onesmus kazi siku hiyo hiyo. Onesmus akaja kukaa kando ya kitanda, mdomo umevimba.

"Wameukata," Isaiah akasema. "Na klachi ya trekta hukanyagwa na mguu wa kushoto. Nunua buldoza lako, Ones. Umeshinda."

Onesmus akapiga magoti, akalaza uso kwenye shuka, pale mguu ulipokosekana, akalia mbele ya wagonjwa wote.

"Silitaki! Kaka, silitaki tena!"

"Mama anangoja kupanda mahindi," Isaiah akasema. "Utalitaka tu."