Moshi Bila King'ora

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilifungua mlango wa gari nikaketi vizuri, nikanyoosha mikono kushika usukani, na usukani haukuwepo. Ulikuwa upande wa pili. Kule usukani uko kushoto, na mimi, mtu mzima niliyekaribia miaka hamsini, nilikuwa nimekalia kiti cha abiria nikimsubiri dereva ambaye ndiye mimi. Bosi alisimama mlangoni mwa stoo yake pale Al-Sulimaniyah akacheka hadi akafuta machozi.

"Dereva wapi?" akaniuliza. "Yalla, shuka, zunguka!"

Nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za Saudia mnadhani nilizaliwa dereva. Wapi! Mimi nilikuwa mtu wa boila katika kiwanda chetu cha sukari. Tulilisha tanuri makapi ya miwa, maji yakachemka, mvuke ukazungusha mitambo. Mvuke ukishatosha tulivuta king'ora, na kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Hapo ndipo watu walijua kwamba leo kuna kusaga, twendeni kazini. Moshi peke yake haukuwa kitu. Unaweza kuwasha tanuri asubuhi, ukatoa moshi kutwa, na mashine isizunguke hata mara moja. Likumbukeni hilo.

Kiwanda kilipofungwa tulitawanyika. Nilikuwa na leseni ya lori la miwa, nikapata wakala, nikaenda. Kazi yangu Riyadh ilikuwa kuchukua viungo na mchele kwenye masoko ya Al-Dirah na kuvisambaza mahotelini. Bosi ndiye alikuwa kafili wangu, yaani mtu ambaye karatasi zako zote ziko chini ya jina lake. Ikama, kile kitambulisho cha kuishi kule, yeye ndiye aliyekutolea, na bila ruhusa yake huhami kazi wala huendi kwenu. Alikuwa mkali kuhusu saa. "Mafi kesho!" alikuwa akipiga kelele, yaani hakuna kesho. "Leo, leo!" Lakini hakuninyima chakula wala hakunitukana mbele ya watu, na hilo nalisema kwa sababu wengine hawakuwa na bahati hiyo.

Baada ya miaka mitatu alinihamishia kwa dada yake huko Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Madam alikuwa mjane mwenye maneno machache. Nilipeleka watoto wake shule, nikampeleka yeye hospitali na kwa ndugu zake, nikaosha gari kila siku kwa sababu chumvi ya bahari huila bodi. Na jikoni mwa nyumba hiyo, hamuwezi kuamini, nilimkuta Konsolata.

Konsolata alikuwa wa kwetu. Kule kiwandani alifanya kazi sehemu ya kupakia sukari kwenye magunia, nasi tulijuana kwa sura. Alikuwa amemwacha binti yake Neema, mtoto wa miaka minane, kwa bibi yake. Kila kitu alichokisema mwanamke yule kilirudi kwa Neema. Aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Baba Nasimiyu, kiwanda kikifunguliwa leo, kesho mimi niko nyumbani. Sitaki mwanangu anijue kwa simu."

Ijumaa mchana madam alipopumzika, Konsolata alipiga pasi uani nami nikapangusa gari, na tulikuwa tukibishana. Kaunti yetu ilikuwa chini ya chama chake. Mimi nilikuwa wa chama cha upande wa pili, damu na nyama.

"Mmekaa madarakani miaka yote hiyo," nikamwambia, "na kiwanda kina popo."

"Na nyinyi mkipewa? Si mtawahesabu tu hao popo!"

"Sisi tutakifungua. Andika."

"Aki wewe mzee! Kaunti ya jirani inatawaliwa na watu wenu. Mbona kiwanda chao pia kimefungwa?"

Nilimjibu kwamba jirani wamehujumiwa. Ndivyo chama changu kilivyosema, nami nikarudia bila kuuliza swali hata moja. Tanuri letu lilikuwa limeoza, wakulima walikuwa wameng'oa miwa wakapanda mahindi, na mtu wa boila, mimi mwenyewe, nilijua hayo yote. Miwa haina kadi ya chama. Lakini ukiwa mbali na kwenu siasa inakuwa chakula, na mimi nilikula nikashiba.

Uchaguzi ukaja, chama changu kikachukua kaunti. Miezi michache baadaye mwenzangu wa zamani alinitumia video kwa simu. Bomba la kiwanda lilikuwa linatoa moshi! Watu walikuwa getini wamevaa fulana za chama, akina mama wakipiga vigelegele. Nilikimbilia jikoni nikiruka kama kijana. Konsolata aliitazama mara tatu, machozi yakimtoka.

Kisha akauliza swali lake. "Baba Nasimiyu, wewe ndiye mtu wa boila. Huu moshi ni wa kazi?"

Nilikuwa nimeisikiliza video ile. Nilisikia nyimbo, vigelegele, honi za magari. King'ora sikukisikia. Nilijua kabisa kwamba sikukisikia.

"Ni wa kazi," nikamwambia. "Si nilikuambia?"

Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo. Kule kuna huruji za aina mbili, yaani ruhusa za kuondoka. Kuna ya kwenda na kurudi, unapumzika kwenu kisha unarejea kwa kafili wako. Na kuna nihai, ambayo Wakenya tuliita fainal. Ukitoka kwa nihai umetoka, nafasi yako anapewa mwingine. Konsolata akaomba nihai.

Madam alishangaa. Aliniita sebuleni, akaniuliza kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe: "Dereva, huyu ana mtoto. Una uhakika kazi ipo?"

"Aiwa, madam," nikasema. "Ipo."

Mara mbili niliulizwa, vijana. Mara mbili.

Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Aliniachia birika lake la chai akanitania kwamba nitakaporudi atanipa kazi ya kufagia chini ya mashine. Nilicheka. Naona aibu hadi leo nikikumbuka kicheko hicho.

Baada ya miezi mitatu alipiga simu. Hakunisalimu.

"Mafi, Baba Nasimiyu," akasema. "Mafi kazi, mafi miwa. Waliwasha kuni siku ya sherehe tu, zikazimika. Muulize madam kama naweza kurudi."

Nilimuuliza madam. Tayari jikoni kulikuwa na msichana mwingine. Madam akasema, "Halas," yaani basi, yamekwisha, akarudi kwenye kahawa yake. Hakunilaumu, nami nilitamani anilaumu.

Miaka iliyobaki niliendesha gari bila kubishana na mtu. Macho yalipoanza kufifia nikaomba nihai yangu, nikarudi. Chaguzi mbili zaidi zilikuwa zimepita na kaunti ilikuwa imerudi kwa chama cha Konsolata. Wao walipaka geti rangi. Popo ni wale wale. Mkiniuliza chama gani huleta kazi, nitawaambia sijui, na kwamba nilipojifanya najua niliharibu maisha ya mtu. Konsolata sasa analimia watu mashamba yao ya mahindi. Tukikutana kanisani hunipa mkono, lakini neno hanipi.

Wiki iliyopita binti mmoja mrefu alibisha mlangoni kwangu akiwa na daftari. Nilimtambua kwa macho ya mama yake. Alikuwa amepata wakala, na karatasi zake zilikuwa karibu kutoka.

"Shikamoo, babu. Mimi ni Neema. Mama amesema nije unifundishe Kiarabu cha kazi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo." Akafungua daftari, akaona haya kidogo. "Amesema maneno yote niyachukue kwako. Ila habari za kiwanda nisikuulize."

Nilimvutia kiti akaketi. Nilimwandikisha nihai daftarini kabla ya neno lingine lolote.