Barua ya Kwamba Mbuzi Si Samaki

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili nisionekane nawacheka wengine tu.

Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nimekata mkonge, nimebeba magunia bandarini, nimechuna ngozi machinjioni Pongwe, na kote huko nilitembea na ugonjwa mmoja: nasoma kila kilichoandikwa, hata gazeti la kufungia maandazi. Ndiyo sababu mama mmoja wa Kipemba, anayekaa Makorora, alinipa kazi ya makaratasi yake. Yeye hununua mbuzi, wakachinjwa mbele ya daktari wa mifugo, kisha nyama hupasuliwa, ikatiwa chumvi, ndimu na pilipili, ikakaushwa mpaka ikawa ngumu kama soli ya kiatu. Mnunuzi wake yuko Komoro na huitaka kabla ya Ramadhani.

Mwaka ule leseni yake ya kupeleka nyama nje ilikuwa inakwisha siku tatu kabla ya meli kupakia. Bila leseni hai, bandarini hupiti. Na mnunuzi alikwisha mwambia kwa simu, kwa upole kabisa, kwamba Mombasa kuna mtu mwingine mwenye nyama.

Maombi siku hizi hufanywa mtandaoni. Nikaenda steshenari moja ya Mabawa zikiwa zimebaki wiki mbili, nikajaza. Penye jina la bidhaa, leseni ya zamani ilisema "nyama kavu ya mbuzi". Nikaliona jina limepooza. Makorora nzima huiita ng'onda ya mbuzi, kwa kuwa inapasuliwa na kuanikwa vile vile kama ng'onda yenyewe, yaani papa mkavu. Basi mimi, bingwa wa lugha, nikaandika "Ng'onda ya mbuzi", nikatuma, nikajipongeza kwa soda.

Siku ya nne tukaitwa ofisini. Afisa wa leseni alikuwa kijana wa shati lililonyooshwa vizuri kuliko kazi yake.

"Hapa ni nyama," alisema. "Samaki ni ofisi nyingine."

"Ni nyama, bwana mkubwa."

"Umeandika ng'onda. Mimi mzaliwa wa Mtang'ata, kwa wavuvi, utanifundisha ng'onda?"

"Basi soma na neno linalofuata."

"Nimelisoma. Mbuzi. Lakini mfumo umeshika la kwanza, umekuweka kwenye samaki."

"Futa, uandike nyama kavu."

"Mfumo haukubali."

Nilichungulia. Mfumo wenyewe ulikuwa kompyuta moja yenye vumbi, na aliyekuwa ameushikia kipanya ni yeye. Lakini aliusema kama mtu anavyomsema mkwe mkali aliyelala chumba cha pili: mfumo hautaki, mfumo umekasirika, mfumo tusiusumbue. Nimefanya kazi na punda wa kubeba mchanga, na hata huko mwenye punda hukubali kwamba ni yeye anayewaongoza.

"Leta barua ya idara ya uvuvi," alisema, "ithibitishe kwamba bidhaa hii si samaki. Nitaiambatisha, mfumo utatulia."

Tulipofika barabarani, mama akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuajiri unisomee. Sikukuajiri unitungie."

Idara ya uvuvi tulimkuta mzee aliyekaribia kustaafu. Tukampa shikamoo yake, mama akafungua mkoba akatoa pande moja la ng'onda. Mzee aliligeuza, akalinusa, akang'ata pembeni.

"Huyu mmemvua kwa ndoana au kwa juya?"

"Kwa kamba, baba," mama akajibu. "Alikuwa amefungwa mnazini."

Mzee akatafuna polepole, kama anayetafuta sheria ndani ya nyama. Hatimaye akasema hana mamlaka ya kuandika kwamba kitu ni mbuzi. Uwezo wake unaishia kuandika kwamba kitu si samaki, na hata hilo sharti akague kwanza. Akavuta fomu ya ukaguzi wa samaki, nami nikasoma kutoka begani kwake alivyokuwa akijaza. Magamba: hayapo. Mapezi: hayapo. Matamvua: hayakuonekana. Bahari alimovuliwa: haihusiki. Alijaza kwa mwandiko mzuri sana, bila kutabasamu, na alipomaliza ukaguzi, pande la mama lilikuwa limekwisha.

"Pilipili haikutosha," alisema.

Barua ikahitaji saini ya mkubwa, na mkubwa alikuwa semina. Nikaenda kila asubuhi kumwulizia, nikawa najua mpaka rangi ya ufagio wa ofisi ile. Semina ilihusu kuharakisha huduma. Niliusoma mwaliko wake ubaoni. Saini ikapatikana, leseni ikatoka asubuhi ile ile meli ilipokuwa inapakia, na mama akapita getini na karatasi mkononi bila kunitazama.

Mwaka uliofuata nilijaza maombi mwezi mzima mapema. Nikaandika "Nyama kavu ya mbuzi", herufi kwa herufi, kama mtoto anayenakili ubaoni. Tukaenda ofisini mimi na mama. Kijana yule yule, shati jingine.

"Barua ya uvuvi iko wapi?"

"Mwaka huu sikuandika ng'onda."

"Naona. Lakini barua imo kwenye orodha ya viambatisho vyenu tangu mwaka jana."

"Basi tumia hiyo hiyo."

"Hiyo imekwisha muda. Ni ya mwaka mmoja, kama leseni."

Nikamwuliza kama anadhani mbuzi wa Pongwe wameota mapezi tangu Ramadhani iliyopita. Akasema yeye hadhani kitu, anafuata mfumo; na hilo la kutodhani nilimwamini moja kwa moja. Nilikuwa na mengine ya kumwambia, nimeyapanga vizuri, lakini mama alinigusa bega. Alikuwa amekwisha simama, mkoba umefunguliwa. Ndani mlikuwa na mapande mawili yaliyofungwa kwenye karatasi, mekundu kwa pilipili.

"Nyanyuka," alisema. "Mzee yule hula chai saa nne."