Mwanangu mwenye kigugumizi alipewa medali ya kunyamaza

Mtoto akinyamaza, mtu mzima atajuaje kama ametulia au ameogopa?

Heshima kwenu wakuu. Swali hilo ninalo tangu Julai, na hadi ninapoandika uzi huu sijalipatia jibu. Ninachoweza kuwapa ni kisa chenyewe, bila kukipaka rangi. Ningekuwa na uwezo wa kusema uongo, ningejipa nafasi nzuri zaidi ndani yake.

Nawaandikia kutoka Lubumbashi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Mimi nilisoma falsafa chuo kikuu, na kwa kuwa falsafa haikupata mnunuzi mjini, leo ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kutangaza kwamba kilichomo ndani ya sanduku ndicho kilichoandikwa juu yake. Likumbukeni hilo, litanirudia usoni.

(Maneno ya watu nimeyaacha katika Kiswahili chetu cha hapa, na Kifaransa chake ndani. Wenzetu wa pwani, tafadhali msimsahihishe mama yangu ngeli. Wengi wamejaribu, wote walijuta.)

Mwanangu anaitwa Trésor. Ana miaka tisa, na ana kigugumizi.

Herufi inayomtesa kuliko zote ni T. Tulimpa jina kabla ya kujua.

Katika shule yake ya zamani wenzake walimgeuza mchezo wa mapumziko, kwa hiyo tumemhamisha. Kwenye shule mpya, siku ya kwanza ya Septemba, kila mgeni husimama mbele ya darasa na kutaja jina lake. Basi. Kwa mtoto mwingine hilo ni jambo la pumzi moja. Trésor aliposikia habari hiyo alinijia jioni na kuuliza kwa shida kama angeruhusiwa kuliandika tu ubaoni.

Nilimwambia tutaona. Jibu la mzazi asiyeona kitu.

Kila likizo kubwa Trésor huenda kwa mama yangu, yaani bibi yake, ambaye yeye humwita Kambo, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Mwaka huu hakwenda. Mke wangu Ngalula, ambaye anauza vitambaa mjini na anajua mambo ya watu wenye nafasi kabla wao hawajayajua, alirudi na karatasi inayong'aa.

“Été créatif”, ilisema. Majira ya joto ya ubunifu kwa watoto: yoga, sanaa, na kujifunza katika mazingira ya nje.

Wakuu, Julai hapa kwetu ni baridi. Asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni, na walinzi wa usiku wanavaa makoti ambayo hayajulikani yalitoka jeshi gani. Lakini karatasi ilisema majira ya joto, na hakuna mzazi aliyethubutu kubishana na karatasi ile.

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja ulionikamata: “Tunaikomboa sauti ya mtoto wako.”

Nililipa. Kiasi gani sisemi, maana Ngalula anasoma jukwaa hili.

Programu ilikuwa katika villa moja ya Golf, mtaa wa wenye nafasi. Mwenye programu tulimwita Coach Solange, mwanamke mwenye sauti laini sana, aliyeishi Ulaya miaka ya kutosha kurudi na mikeka ya yoga.

Nilimpeleka Trésor siku ya kwanza, nikabaki kidogo kutazama. Watoto, wakiwa wamevaa sweta mbili mbili, walisimama pekupeku kwenye nyasi zenye umande wakilisalimu jua. Jua lenyewe lilikuwa bado halijakubali kutoka. Msichana mmoja alikuwa akilisalimu huku akitetemeka meno.

“Sikiliza dunia,” alisema Coach. “Dunia inasema nini?”

Dunia ilisema kwa sauti ya jenereta ya jirani.

Msitu wa kujifunzia ulikuwa miparachichi miwili na ua wenye nyaya za umeme. Watoto waliikumbatia miparachichi ile kwa zamu, kama foleni ya maji. Kisha wakapanda maharagwe. Julai! Mvua ya kwanza tunaitazamia miezi ijayo, na ardhi ni ngumu kama chungu. Nilimuuliza Coach kwa heshima kama maharagwe yale yangeota.

“Papa Trésor,” akanijibu, “ya lazima haiko kuota. Ya lazima ni geste, kile kitendo.”

Kama mtu wa falsafa nilikubali. Kama mjukuu wa wakulima niliona aibu mbele ya maharagwe.

Upande wa sanaa, kila mtoto alichora hisia zake. Hisia za watoto wote zilikuwa za buluu, kwa sababu makopo mengine ya rangi yalikuwa yamekauka.

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka, maana kila jioni ujumbe uliingia katika kundi la WhatsApp la wazazi, na ujumbe ulimsifu mwanangu. Trésor ametulia. Trésor anapumua vizuri kuliko wote. Trésor amepata amani yake ya ndani. Ngalula aliwasomea wateja wake dukani.

Nyumbani, amani ile ilikuwa hivi: mtoto alitaka mkate, akaunyooshea kidole. Akipewa, aliunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Hakusema hata lile “me-me-merci” lake tulilolizoea.

Sanduku lilikuwa limeandikwa “amani”. Mimi, mtu wa forodha, nikatia sahihi bila kulifungua.

Ijumaa moja ikafika sherehe ya kufunga awamu ya kwanza. Awamu ya pili ilikuwa ianze Jumatatu, na tulikuwa tumeshakubali. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Mama yangu alikuja pia, kwa sababu Trésor ni mjukuu wake na kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia. Alibeba karanga za kuchemsha ndani ya beseni dogo, akawagawia mabibi wa Golf, na mabibi wakazipokea kwa ncha za vidole.

Hapa niwaeleze jambo moja. Kwetu, bibi humwita mjukuu wake wa kiume “bwana yangu”. Ni mume wake wa utani. Anamtukana, anamdai mahari, anamlalamikia kwamba amemwacha alale na baridi. Na mjukuu ana haki ya kumrudishia tusi kwa tusi, jambo ambalo kwa mtu mzima mwingine lingemletea kofi. Trésor na mama yangu wanatukanana hivyo tangu alipojua kuongea. Kigugumizi kipo, lakini mama hamwoneshi huruma. Anasubiri tusi lake hadi mwisho, kwa sababu analitaka.

Basi Coach akasimama na medali yenye utepe.

“Prix ya mwisho,” akasema, “ni ya Mtoto wa Amani. Huyu mutoto, tangu alifika, hatukumusikia hata mara moya!”

Makofi. Mimi nilipiga makofi, wakuu. Nilikuwa nimeshapiga mara kadhaa ndipo maana ya maneno yale ikanifikia, na mikono ikaganda.

Trésor akavishwa medali.

“Juu ya nini banamupigia makofi?” mama yangu akaniuliza kwa sauti ambayo yeye huiita ya chini. Kabla sijajibu alikuwa amesimama. “Ee bwana yangu! Balikukata ulimi? Unanikimbia tangu likizo inaanza, na sasa unapata medali ya kunyamaza? Nijibu, mwanaume ya bure!”

Viti vikalia. Coach akatabasamu kwa uvumilivu wa hali ya juu.

“Mémé, pole pole. Tuko natunza énergie ya batoto.”

“Énergie? Ile ya umeme, ya kukatika kila mangaribi?”

Baba mmoja wa nyuma akacheka, mkewe akamfinya.

Na Trésor, wakuu, akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze niliuona mdomo wake ukifunguka kutafuta neno. “Ka... Ka... Ka...” Shingo ilimsimama, macho yalimtoka, tusi lilikuwa njiani. Sote tulilisikia likija.

Coach akapiga magoti mbele yake na kumwekea kidole midomoni, kwa upendo kabisa.

“Chut, chéri. Respire. Haiko lazima useme.”

Mtoto akafunga mdomo. Akaunganisha viganja.

Wazazi wakapiga makofi tena.

Mama yangu alikaa. Sijapata kumwona akikaa namna ile. Tulipokuwa tukitoka getini alisema sentensi moja tu: “Mutoto alikuwa natoka mu shimo, ule mwanamuke akafunika.”

Jioni ile Ngalula na mimi tuligombana kwa sauti ya chini, kama watu walioelimika.

“Mutoto anatulia, weye unatafuta fujo,” alisema. “Weye na mama yako muko bamoya. Kule habamutese.”

Nikamwendea Trésor, nikamuuliza kama anapapenda kule Golf. Alifikiri sana.

“Kule b-b-bantu habanichekake,” akasema.

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo linaloninyima usingizi wa falsafa.

“Na kwa Kambo?”

“Kambo anachekaka.” Akaanza kucheka mwenyewe. “Anachekaka mpaka anali... anali... analiaka machozi.”

Ngalula alikuwa mlangoni. Aliusikia mcheko ule. Alikwenda kuutoa mkeka wa yoga kwenye begi la mtoto na kuweka blanketi.

Wakuu, somo nililopata ni dogo na lina miiba: mahali ambapo hakuna anayemcheka mtoto panaweza pia kuwa mahali ambapo hakuna anayemsubiri amalize. Huenda nimekosea. Huenda mtoto alihitaji kupumzika na sisi tukamnyang'anya pumziko lake. Wenye watoto wa namna hii, na nyinyi wenyewe mliokua na kigugumizi, niambieni: kimya chenu kilikuwa cha aina gani? Nasoma kila jibu. Wenye mikeka pia mnakaribishwa, ila semeni kwa sauti.

Kuhusu uamuzi wa kumtoa Golf na kumpeleka kwa Kambo, tuliutekeleza asubuhi iliyofuata, Jumamosi, kabla baridi haijaisha.

Sisi watatu tulifika kwa mama yangu. Geti lake la bati lilikuwa limefungwa, ingawa moshi wa makaa ulionekana na tulijua ametusikia. Trésor akagonga.

“Nani?” sauti ikatoka ndani.

“Mi-mi-miye.”

“Miye ni nani? Bwana yangu iko na jina. Kama hauna jina, rudia kwenu.”

Ngalula akafungua mdomo kumsaidia. Nilimshika mkono, na mimi mwenyewe nikauma midomo, maana herufi T ilikuwa tayari mdomoni mwangu.

Mtoto alishika bati kwa mikono yote miwili. “T...” Akapumua. “T... T...” Ndani, kimya. Mama yangu, ambaye hajawahi kumwachia mtu nafasi ya kusema, alisubiri. Jirani aliyekuwa akifagia akasimamisha ufagio. “T... T... T-Trésor!” Bati likatikisika. “Trésor! Fungula mulango, we mwanamuke ya meno mbili!”

Komeo likavutwa.