Gauni Lisiloomba Mkono

Mnaniuliza habari za nguo za Feza kana kwamba sina maharage ya kupalilia. Kuandika si kazi yangu, andikeni nyinyi. Niliacha shule darasa la pili, kabla sijaelewana na herufi kubwa. Lakini nikinyamaza mtakwenda kumwuliza Maman Véronique, naye atawaambia lile gauni lilikuwa wazo lake. Basi kaeni, na msinikatize.

Feza, binti wa mzee Buhendwa, alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, akaolewa upande huu, Kamembe, na Muhigirwa, dereva wa lori la sementi kule Muganza. Mume alikuwa mtu wa barabara, mke mtu wa daraja. Kila asubuhi Feza alijaza nyanya kwenye beseni, akalipandisha kichwani, akashuka na wenzake mpaka daraja la mpakani la Rusizi ya pili, akavuka kwenda kuuza. Mtoto wake wa kwanza, Cubaka, alijua mgongo wa mama yake kabla hajajua kitanda. Na kulikuwa na Béatrice, mdogo wake Muhigirwa. Mama yao, huyo Maman Véronique, miaka ile alikuwa anafuata mawese ng'ambo na kulala hukohuko, kwa hiyo Béatrice alilelewa na Feza. Alisukwa na Feza, aliuguzwa surua na Feza, hata kamasi alifutwa na Feza.

Feza alivaa kama mke wa mtu anavyovaa kwetu. Juu libaya, yaani blauzi ya kushonwa. Chini kitenge cha kujifunga, na juu yake kitenge cha pili kinachozunguka kiuno. Hicho cha pili ndicho kinachosema: huyu ana mume, na mume anamjali. Msichana hakivai. Ni vazi la heshima, silitukani. Lakini lina ugonjwa wake, linalegea, na likilegea linaomba mkono.

Siku moja foleni ilikuwa imebana darajani, mikono yote miwili ya Feza iko juu ya beseni, akahisi fundo linateleza. Nyuma yake wanaume wa mikokoteni, mbele yake watu wa forodha. Alikuwa na nafasi ya kuokoa kitu kimoja, akaokoa kitenge. Nyanya zikabingirika, nyingine zikaingia mtoni, na wale wa mikokoteni wakapiga makofi. Mmoja akasema leo samaki wa Rusizi watakula mchuzi. Feza aliokota zilizobaki. Alifika nyumbani ameshaamua.

Alikwenda kwa Maman Zaituni, fundi wa cherehani anayeshonea karibu na msikiti. Zaituni alidhani anataka suruali kama wasichana wa siku hizi. Feza akakataa.

"Nataka nguo ya mwanamuke," alisema. "Batu bakiniona kwa mbali bajue ni mwanamuke anakuja. Lakini isiniombe mukono."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Likatoka gauni la kitenge, linaloishia katikati ya miguu, lenye marinda mapana chini ili hatua ijinyooshe, na mkanda wa kufungia mgongoni ili kiuno kionekane kiko wapi. Mikono mifupi, imejaa kidogo begani, haibani kwapa mtu akiinua mzigo. Shingoni utepe wa rangi ya maua ya kitenge chenyewe. Na ubavuni mifuko miwili ya kina, poshi kama tunavyosema, mmoja wa karatasi ya kuvukia na mmoja wa leso. Lilimpendeza. Wale wa mikokoteni walinyamaza, na hao kunyamaza ni kazi ngumu.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Béatrice alipoolewa na Hakizimana wa Gikundamvura. Mnajua desturi. Bibi arusi hufichwa ndani kwanza, kisha siku inafika ukoo wake unakwenda na vikapu kumfungulia, ndipo anatoka na kupika kama mwenye nyumba. Kwa siku hiyo wanawake wa ukoo walichukua kitenge kimoja, cha njano chenye mikia ya tausi, wakanunua mpaka duka la ng'ambo likakauka. Kila mmoja alipata fungu lake, la kutosha libaya na vitenge viwili. Feza alipeleka fungu lake lote kwa Zaituni, akamwambia amshonee kama lile la kwanza. Zaituni akakata. Gauni pana hula nguo. Kitenge cha juu kiliishia kwenye marinda na poshi, na dukani hakikubaki hata kipande.

Maman Véronique aliliona limeanikwa. Alilizunguka, kiko chake mdomoni, kama mtu anayenunua mbuzi mgonjwa.

"Kitenge cha juu kiko wapi? Wakwe batasema mutoto wangu alishindwa kuvalisha bibi yake. Mu mustari wangu wa vikapu wewe hautatembea, M'Buhendwa. Utabaki nyuma na masahani."

M'Buhendwa, yaani binti wa Buhendwa. Ndivyo alivyomwita akitaka kumkumbusha kwamba hapo alikuja tu. Siku za amani alimwita Mama Cubaka.

Feza hakuogopa masahani. Kilichomuuma ni mstari. Kukosa nafasi kwenye mstari wa vikapu vya Béatrice ilikuwa kuambiwa mbele ya watu kwamba miaka yote ile alikuwa mpangaji tu. Wenzake wa mabeseni walimshauri aazime kitenge cha njano kinachofanana. Alikataa, alisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Muhigirwa alikwenda kusema na mama yake, akarudi akisema amekumbuka ana safari ya sementi.

Siku ikafika. Walipanda kamioneti, lori dogo la mizigo, Feza nyuma kabisa na masahani yake. Mvua ilikuwa imenyesha, na chini ya mlima wa Gikundamvura kamioneti likazama kwenye tope. Wakwe walikuwa juu, langoni, wanaangalia. Wanawake wakashuka, wakajipanga, vikapu kichwani, wakaanza kupanda kwenye ule udongo mwekundu. Kila mmoja mkono mmoja kwenye kikapu, mwingine kwenye kitenge. Mkono wa tatu, wa kushika majani ya pembeni, haukuwepo.

Maman Véronique alitangulia na kikapu cha kwanza, shingo imenyooka. Katikati ya mlima mguu ukazama, akauvuta, vitenge vyote viwili vikalegea kwa pamoja. Akaanza kuteleza kurudi nyuma, polepole, mwanamke mzima, mbele ya wakwe. Mstari ukasimama. Wote walimwona, na hakuna aliyekuwa na mkono.

Feza aliweka masahani kwenye majani. Akapita pembeni kwa hatua pana, marinda yakifunguka na kujikunja, akamshika mama mkwe kiuno kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akachukua kikapu, akakitia kichwani mwake mwenyewe.

"Jifunge, Maman. Nimekushika."

Véronique akajifunga. Akanyoosha mkono arudishiwe kikapu, kisha akatazama juu. Wakwe walikuwa wameona. Kikapu kikihama kichwa mara mbili njiani, watasema ukoo huu unagombana. Basi akafungua kitenge chake cha juu, akakizungusha kwenye kiuno cha Feza juu ya marinda, akakaza fundo mpaka Feza akakohoa.

"Sitaki cha kuazima," Feza akanong'ona.

"Sikuazimi. Nakuvalisha. Na ufunge kinywa, Mama Cubaka, batu banatuangalia."

Wakapanda hivyo, Feza mbele na kikapu, Maman Véronique nyuma yake, vidole vimeng'ang'ania poshi ya gauni asiteleze tena. Béatrice alipotolewa na kuona ni nani amebeba kikapu cha kwanza, hakungoja kuelekezwa. Alimwendea moja kwa moja.

Baadaye Feza alitaka kurudisha kile kitenge. Maman Véronique akasema hajui anazungumza habari gani. Lakini Zaituni aliniambia kwamba wiki ile ile bibi mmoja alikuja kwake, akitazama huku na huku, akataka gauni kama la Feza, mikono mirefu, na poshi moja iwe kubwa ya kuingia kiko na tumbaku. Leo anatembea nalo Kamembe nzima akisema alilibuni mwenyewe.

Sasa wewe uliyenitoa shambani, simama. Inua mikono miwili juu ya kichwa, uiache hapo mpaka ichoke. Nguo yako ikikuomba mkono, ipeleke kwa Zaituni. Na usije kwangu mikono mitupu. Niletee kitenge, fungu zima, maana poshi nazitaka na mimi.