Bado Mtego Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkufunzi Mkuu hakutaka hata kuona cheti changu. Alinionyesha oldupai, ule mkonge wa porini, akasema, "Nitengenezee mitego tano ya sungura. Waya sitaki, nailoni sitaki."

Mimi nimekulia magharibi nikitega kware, kwa hivyo nilijiona fundi. Niliponda majani kwa jiwe, nikayakwangua hadi zikabaki nyuzi nyeupe, nikazisokota pajani kuwa kamba. Kitanzi hukaa ngumi moja juu ya ardhi, kimefungwa kwenye ufito uliopindwa na kushikwa na kijiti chenye pengo. Mnyama akikigusa, ufito unafyatuka.

Kambi yetu, nje ya mji wa Kajiado, ilifundisha waongoza watalii kujiokoa wakipotea. Kibali kilikuwa cha mazoezi tu, na hakuna aliyekula kabla ya kutegua kila mtego. Jioni nilitegua minne. Wa tano sikuuona. Njaa ilikuwa inaniuma, nikasema yote iko sawa.

Asubuhi Yeyo Nasieku, mama mwenye shamba, alikuja amebeba mwanakondoo aliyevimba mguu, kitanzi changu kikining'inia.

"Kamba ni mzuri," alisema. "Lakini huyu mtu yenu hajui kuhesabu?"

"Naweza kumfukuza leo, Yeyo," Mkufunzi Mkuu alimwambia.

"Hapana. Achunge kondoo yangu mpaka huyu apone."

Nilichunga wiki mbili, nikiona aibu tupu, na huko ndiko nilikojifunza kutofautisha njia ya sungura na njia ya mifugo. Baadaye nilipelekwa ofisi ya Kitengela nikiwa mkufunzi msaidizi, kisha nikarudi kambini kushika kiti cha Mkufunzi Mkuu. Sheria ya kuhesabu niliishika kwa ukali, wanafunzi wakaninunia. Nilipokaribia kustaafu, hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba sheria hiyo itaondoka nami.

Siku ya kuniaga, wanafunzi walitega mitego kumi ya maonyesho, tukaitegua pamoja. Mbuzi alikuwa ameiva, na mimi ni mtu wa nyama. Nikasema, "Haya, tukule."

Hakuna aliyesogea.

"Mwalimu, bado moja," alisema Chebet, msichana mpole kuliko wote. "Tuko na tisa."

Wakatawanyika porini, na wageni nyuma yao na viatu vyao vya sherehe. Mimi nilibaki na nyama inayopoa. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta leso, nilishika kitanzi. Nilikuwa nimekiweka mwenyewe nikikisifu jinsi kilivyosokotwa.

Nilicheka hadi machozi. Kisha nikafunika nyama, nikaenda kuwaita.