Kilio cha Walioshindwa Kura

Bulonza aliwapikia Waswidi wa misioni miaka mingi, hadi akaijua lugha yao, ya jikoni na ya redioni. Alikuwa mtu mwema, ila moyo wake ulitangulia akili. Mimi jirani yake wa mtaa wa Kadutu nilimpenda hivyo hivyo.

Septemba 1976, akiwa anaosha vyombo, alisikia redio ya Maman Karin, mmoja wa Waswidi hao, ikitangaza matokeo ya uchaguzi wa kwao. Chama kilichotawala miaka arobaini na minne kilipata viti mia moja hamsini na viwili. Vyama vitatu vilivyokipinga, vikijumlishwa, mia moja themanini. Maman Karin, ambaye baba yake alikuwa wa chama hicho, akalia.

Kwetu Zaïre Chama kilikuwa kimoja, na mkubwa haachi kiti akiwa na pumzi. Bulonza akaelewa kama ambavyo yeyote kati yetu angeelewa: mkubwa wa Waswidi amekufa. Na mfiwa haachwi peke yake. Alimchukua mkewe Nsimire na wanawake wa jirani, wakabeba kuni na maharagwe, wakateremka wakilia hadi kwa yule mzungu.

"Hakuna mutu alikufa," Maman Karin alisema kwa mshangao. "Alishindwa tu. Kesho atakunywa kahawa kwake, kisha ataenda kukaa bungeni pamoja na wale walimushinda."

Kilio kilikatika. Mkubwa aliyekwisha, naye anatembea, anakunywa kahawa! Nsimire aliponisimulia, mwili ulinisisimka. Kwetu kiumbe wa namna hiyo huitwa muzimu.

Ubaya ni kwamba mtaa mzima ulikuwa umewasikia. Waliporudi, walimkuta Mushagalusa, mtu wa Chama mtaani kwetu, ameketi kwenye kiti cha Bulonza.

"Citoyen, munalilia nani?"

Kusema kwamba Chama kinaweza kushindwa kwa kura na mkubwa wake akabaki hai, hilo lilikuwa neno la kumpeleka mtu gerezani. Bulonza aliogopa, akataja jina la kwanza lililomjia.

"Ndugu yangu Cyprien, wa kule kisiwani Idjwi. Alikufa mu maji."

"Pole sana. Tutalia pamoja."

Na kweli akabaki. Moto ukawashwa uani, majirani wakaja, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Mushagalusa hakunywa. Alitutazama tu, mmoja mmoja.

Asubuhi moja ya kilio hicho, ukungu ukiwa bado haujatoka ziwani, Cyprien aliingia uani na kapu la sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Sisi tuliomjua tulirudi nyuma kama tumeona muzimu. Wanawake walivuta vitenge vyao asije akavigusa. Alisikia jina lake ndani ya kilio, akamtazama kaka yake. Bulonza akainamisha kichwa.

"Na wewe uko nani?" Mushagalusa akauliza.

Cyprien aliweka kapu chini taratibu.

"Niko Kulimushi, jirani ya marehemu. Nilileta samaki ya kilio."

Akaketi karibu na moto, akajililia mwenyewe kwa sauti nzuri kuliko sisi sote, hadi mtu wa Chama akaridhika na kwenda zake.

Bulonza alivuka ziwa mara nyingi kwenda kuomba msamaha. Kila mara alimkuta ndugu yake mlangoni, mzima, na kila mara alipokewa kwa adabu ya mgeni.

"Unatafuta nani, papa? Cyprien mulisha kumulilia."